Baridi haingoji nyumba ikamilike

KUNA swali moja ambalo hakuna aliyetuuliza siku tulipovuka mpaka pale Mugina, Julai 2008, sisi tukiwa ndani ya basi la msafara na mizigo yetu ikija nyuma kwenye lori. Tuliulizwa majina. Tukaulizwa kilima cha asili. Tukaulizwa kama watoto wamechanjwa. Hakuna aliyeuliza: “Usiku wa baridi mtalalaje, na maji ya kumwogesha mtoto mtayapasha kwa kitu gani?”

Simlaumu mtu, maana hata sisi wenyewe hatukujiuliza. Tulikotoka, kambi moja wilayani Kasulu, mtu alikuwa akioga maji yaliyoshinda juani ndani ya dumu, na usiku shuka moja ilimtosha. Tulikokuwa tunakwenda ni Mugamba, kwenye ule mgongo wa milima unaogawanya maji ya Kongo na maji ya Nile. Marehemu baba alikuwa akituhadithia habari za kilima chetu karibu kila jioni: ng'ombe, njegere, viazi, maziwa yasiyopimwa kwa kikombe. Baridi hakuitaja hata siku moja. Aliyeondoka kwao akiwa kijana hukumbuka maziwa, hakumbuki umande.

Ndugu msomaji, hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 au zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari. Vilima vingi vya Mugamba viko juu ya mita 2,000, na vilele virefu kabisa vinapita mita 2,600. Kwa hiyo anayetoka Rumonge au Kigoma kupanda huko anaacha nyuma nyuzi saba, nane, wakati mwingine zaidi. Na anapofika wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mchana anaona jua zuri akadhani amefika salama. Kumbe ndiyo miezi ambayo usiku hauna mawingu, na anga tupu haina blanketi la kuzuia joto la ardhi lisiondoke.

Tulijenga kama wanavyojenga wote wanaorudi. Miti, turubai, na mabati machache tuliyopata. Chumba kimoja cha mita nne kwa tano, watu saba. Tuliita nyumba ya muda. Muda huo ulikuwa miaka minne.

Nayasema haya kwa sababu misafara haijawa historia. Wale waliokimbia machafuko ya mwaka 2015 na baada yake walianza kurudi kwa mpango kutoka Tanzania Septemba 2017, na wengi wao walipitia njia ile ile tuliyopitia sisi: kituo cha mapokezi, siku chache, kisha kilima, kisha turubai. Vyakula huzungumzwa. Ardhi huzungumzwa sana, na ni haki izungumzwe. Baridi haizungumzwi, kana kwamba itasubiri mpaka mtu apate tofali na fundi.

Baridi haingoji nyumba ikamilike. Na kwa kuwa haingoji, maskini hufanya lile linalomjia kwanza akilini: huingiza moto ndani. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Wiki ya pili tangu tufike, mama alitetemeka mpaka usiku wa manane. Nilikuwa na mbabura nje, makaa yamekwisha kushika, mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Mama akaniambia, “Mwanangu, iingize tu. Moshi umekwisha.” Niliiingiza. Nikalifunga turubai vizuri, nikaziba na matundu kwa nguo kuukuu ili joto lisitoke. Nilijiona mtoto mwema.

Alfajiri alikuja jirani yetu, mzee ambaye hakuwahi kukimbia. Hakuja kutusalimu. Alikuja kwa ugomvi, kwa sababu alidai kuwa miti yetu miwili imeingia kwenye shamba lake, na pengine lilikuwa shamba lake kweli. Alibisha hodi, akabisha tena, hakujibiwa. Akaupiga mlango teke ukaanguka. Alimkuta mama anatapika bila kuweza kuinua kichwa, mimi nimeamka lakini miguu haitii, na mtoto wa dada yangu amelegea kama kitambaa. Mzee yule alitutoa nje mmoja mmoja, akatulaza kwenye nyasi zenye umande, akamwita mkewe alete maziwa. Mtoto alilia baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. Tulipona wote.

Alipohakikisha tumepona ndipo aliponigeukia. “Nani aliwafundisha kulala na makaa? Huku hatulali na makaa. Tunalala na kuta.”

Sijapata kusikia mhandisi akisema jambo lile kwa maneno machache kuliko hayo.

Yapo makosa mawili katika kisa changu, na naomba kila anayerejea ayashike. La kwanza ni imani kwamba moshi ukiisha, hatari imeisha. Ni kinyume. Makaa yanapowaka mekundu bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni angalau hukukohoza ukatoka nje. Hii inakubembeleza. Ikiingia mwilini hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake ukikosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, viungo kulegea, na usingizi. Mtu aliyekwisha kulala hazioni dalili hizo. Mkiamka watu wawili au watatu wa nyumba moja vichwa vinawauma kwa pamoja, msiseme ni malaria. Tokeni nje kwanza, mbabura itolewe, kisha mwende kwenye kituo cha afya na mwaeleze kwamba mlilala na moto.

Watasema wazee wetu walikota moto ndani ya nyumba miaka yote. Ni kweli. Lakini nyumba ya nyasi ilipumua, hewa ilipita katikati ya majani. Turubai halipumui. Bati halipumui. Na hata huko nyumbani mwa nyasi, waulizeni bibi zetu macho na vifua vyao vilikuwaje.

Kosa la pili ndilo alilolisema mzee. Nilikuwa napasha moto nyumba ambayo haina uwezo wa kushika joto. Ni sawa na kujaza maji kwenye kapu. Ningechoma gunia zima la makaa, asubuhi ningekuta baridi ile ile, na gunia halipo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na naomba ipingwe na mwenye hoja bora: nyumba ndogo ya muda haihitaji moto ndani. Inahitaji kuzuiwa isipoteze joto la watu walio ndani yake. Moto ukae nje, na kazi yake iwe kupasha maji, kisha maji hayo ndiyo yaingie ndani. Vyote viwili vinawezekana kwa vitu vinavyouzwa leo kwenye soko lolote la mpakani, na vingine haviuzwi kabisa, vinaokotwa.

Tuanze na paa. Bati wakati wa usiku usio na mawingu hupoa kuliko hata hewa ya nje. Pumzi za watu saba zikilifikia hugeuka matone, na matone hurudi chini yakalowesha mablanketi. Blanketi lililolowa si blanketi tena. Dawa yake ni dari. Si dari ya mbao. Mikeka ya matete au mafunjo, yafungwe kwa kamba kiasi cha shubiri moja au mbili chini ya bati. Ile hewa iliyotulia kati ya mkeka na bati ndiyo blanketi la nyumba. Sisi tulitumia mikeka sita, na tofauti tuliiona usiku ule ule.

Kisha ukuta. Turubai huzuia mvua na upepo, halizuii baridi. Likandikwe udongo kwa ndani juu ya fito, au basi pachikwe mkeka wa pili ukiacha nafasi ya vidole kadhaa. Mwenye nguvu za kufyatua tofali za udongo zisizochomwa, rukarakara, aanze na ukuta mmoja, ule wa magharibi, kisha vitanda vipangwe karibu nao. Ukuta mnene wa udongo hupokea jua la alasiri na kulirudisha polepole usiku. Hiyo ndiyo maana ya kulala na kuta.

Kisha chini. Anayelala juu ya udongo anapasha dunia nzima moto kwa mgongo wake, na dunia haishibi. Kitanda cha miti, hata cha shubiri mbili tu kutoka chini, ni bora kuliko blanketi la tatu. Asiye na kitanda atandike nyasi kavu nene, aweke mkeka juu yake, na nyasi hizo zibadilishwe mara kwa mara, maana viroboto na funza nao wanapenda joto.

Nasisitiza jambo moja. Kuzuia joto si kujifungia kama ndani ya chupa. Yaachwe matundu mawili ya ukubwa wa kiganja, moja chini karibu na mlango, lingine juu upande wa pili. Hata bila moto, watu saba wanahitaji hewa, na kifua kikuu hupenda vyumba visivyopitisha upepo.

Sasa maji. Wapo wanaoona kwamba maji ya moto ni anasa, kwamba mkimbizi aliyepata ardhi hana haki ya kulalamikia bafu. Wasemao hivyo hawajamwogesha mtoto wa wiki mbili saa kumi na mbili asubuhi kule Mugamba. Hawajamwona mama aliyejifungua juzi akijitawaza kwa maji yaliyotoka kwenye chemchemi wakati huo huo. Na hawajui yanayotokea shuleni. Mtoto asiyeoga kwa sababu maji yanauma hunuka, na mtoto anayenuka hupewa jina. Jina lenyewe ni “mkimbizi.” Nimewaona watoto walioacha shule kwa sababu ya jina hilo, na mwanzo wake ulikuwa ndoo ya maji baridi.

Tupige hesabu ya ndoo moja. Lita 20 za maji yenye nyuzi 15, unataka zifike nyuzi 40, joto la kuogea. Kwa mafiga matatu ya kawaida, yanayopoteza joto jingi pembeni, utachoma kilo moja hivi ya kuni kavu. Kwa mbabura ya kawaida utachoma zaidi ya theluthi moja ya kilo ya makaa. Utasema makaa ni nafuu, ni machache. Lakini kwenye tanuri letu la udongo, kilo moja ya makaa imekula kilo sita, saba, nane za kuni. Kwa hiyo ile theluthi yako imekwisha kula kilo mbili na zaidi za mti. Mlimani tunakorudi, ambako miti imebaki michache na kila mti una mwenyewe, hesabu hiyo huishia kwa mkuu wa kilima.

Jiko lililoboreshwa la udongo, lenye kuta nene na mdomo mdogo wa kuingizia kuni, linaweza kupunguza kuni hizo hadi nusu. Si lazima linunuliwe. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa unafaa. Lijengwe nje, chini ya kibanda cha nyasi kisicho na kuta. Sufuria ikae ndani ya jiko, isikae juu ya miali tu, na iwe na mfuniko. Mfuniko! Nimeona watu wakinunua jiko jipya huku sufuria yao ikichemka wazi.

Lakini moto wa bei nafuu kuliko wote uko juani, na watu wa kambini tuliujua tukausahau tulipofika kwenye baridi. Tulidhani kwa kuwa hewa ni baridi basi na jua halina nguvu. Jua la mlimani lina nguvu sana, linalokosekana ni mahali pa kulishika. Chukua madumu ya lita tano, mabido kama tunavyoyaita huku, uyapake rangi nyeusi au masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Tengeneza sanduku la mbao au chimba kitanda kifupi ardhini, tandika nyasi kavu, juu yake kipande cha bati kuukuu kilichopakwa rangi nyeusi, laza madumu ubavu, kisha funika kwa kioo cha dirisha au nailoni inayopitisha mwanga. Weka saa tatu asubuhi. Toa saa tisa alasiri, kabla jua halijalegea.

Kwa nini madumu madogo, si lile la lita 20? Kwa sababu dumu kubwa lina maji mengi na mgongo mdogo wa kupokelea jua. Maji yakitandazwa hupata joto upesi, yakirundikwa hukawia.

Sitadanganya kwamba kila siku utapata maji ya moto. Siku ya jua kali utapata ya kumwogesha mtoto bila kuwasha kuni. Siku ya mawingu utapata maji yaliyopanda nyuzi chache tu. Hizo chache nazo ni mali. Kama jua limeyapandisha kutoka nyuzi 15 hadi 27, limekwisha kukufanyia karibu nusu ya safari ya kufika 40, na kuni zako ni nusu. Ila tusichanganye mambo: maji ya vuguvugu ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa lazima yachemke kweli kweli.

Yakishapata moto, yahifadhi. Kapu kubwa lililojazwa nyasi kavu au matambara, katikati umeacha nafasi ya sufuria, na mto wa matambara juu yake, hushika joto kwa saa nyingi. Maji yaliyochemshwa jioni huwa bado na joto la kuogea alfajiri. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakachemka sawasawa kwa dakika 20 hivi, huendelea kuiva yenyewe ndani ya kapu, na kuni umeziokoa. Mtayachemsha tena kidogo kabla ya kula. Mke wangu huliita kapu hilo “mpishi asiyekula.”

Na sasa tumefika kitandani, mahali pale nilipoingiza mbabura. Badala yake ingiza dumu la lita tano lenye maji ya moto, si yanayochemka, maana plastiki hulegea na mtoto ataungua. Kaza kifuniko, lipindue ulijaribu, lifunge kwa kitambaa kizito, liweke miguuni. Litatoa joto mpaka karibu na alfajiri. Alfajiri maji yale yale yanaoshea uso. Halitoi hewa ya sumu. Halimalizi makaa. Mama yangu, aliyefariki miaka mingi baadaye kwa uzee wake, hakulala tena bila dumu lake, na alikuwa akilisemesha kama mtu.

Nawageukia wafanyabiashara wa mpakani, ndugu zangu wa Manyovu na Mugina, wa Kabanga na Kobero. Ninyi ndio duka la kwanza la anayerudi. Fedha kidogo anazopewa huishia mikononi mwenu kabla hajaona kilima chake. Nawaomba mambo mawili.

La kwanza, msimdanganye. Nimemsikia kwa masikio yangu mchuuzi akimwambia kijana aliyerudi kwamba paneli ya jua ya wati 50 itamwashia taa, itachaji simu na itachemsha maji. Taa ndiyo. Simu ndiyo. Maji hapana. Paneli hiyo kwa siku nzima ya jua zuri hutoa kama wati-saa 250, na ile ndoo yetu moja inahitaji karibu 580, bila kuhesabu kinachopotea. Ni siku mbili na zaidi za jua kwa ndoo moja, huku nyumba ikikaa gizani. Jua lile lile likipiga kwenye dumu jeusi linampa zaidi kwa gharama ya kopo la rangi. Kijana yule alinunua. Aliuza mbuzi wa mama yake ili anunue.

La pili, leteni vinavyofaa. Mikeka, magodoro, majiko ya udongo, mabomba meusi, rangi. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, ikiwa imo kwenye orodha ya pamoja na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Jiko lililofinyangwa Kasulu na mkeka uliosukwa Kibondo havitoki ng'ambo ya bahari. Uliza orodha, omba cheti, dai stakabadhi. Mchuuzi anayepitia vichochoroni kwa kuogopa ushuru ambao pengine hadaiwi, humwongezea anayerudi bei ya woga wake.

Mwisho nina neno kwa wanaopokea, wawe wa serikali au wa mashirika. Najua mifuko yenu haina kina kama zamani. Siombi nyumba za matofali ya kuchoma. Naomba somo la robo saa pale kituoni, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, maana wapo watoto waliozaliwa ng'ambo ambao Kirundi chao bado kinajikwaa. Somo liwe na sentensi tatu: mbabura isilale ndani, dari kabla ya blanketi la pili, maji meusi juani. Naomba pia familia inayopelekwa Mugamba, Bugarama, au kilima chochote cha baridi, isipewe vitu vile vile na inayopelekwa Nyanza-Lac au Rumonge. Huko chini wanahitaji chandarua kwanza. Huku juu tunahitaji mikeka ya dari. Kumpa kila mtu sawa si haki, ni uvivu wa kuhesabu.

Na wakuu wa vilima, mnapompimia mtu kiwanja, mwonyesheni pia pa kupanda miti ya kuni. Mrejea asiye na mti wake atakata wa jirani, na mashtaka yataanzia hapo.

Nimetaja jirani, basi nimalizie kwake. Mpaka wa shamba tulikuja kuupima baadaye, mbele ya wazee wa kilima, hatua kwa hatua. Ilionekana mti mmoja ulikuwa wake na mmoja wetu. Aliukata wake. Akanigawia kuni. Aliniambia kuwa asubuhi ile alikuja amejiandaa kusema maneno ambayo yangetuharibia ujirani mpaka kwa wajukuu, lakini hodi ilipokosa jibu akayasahau yote.

Sio kila nyumba ya turubai itakuwa na jirani mwenye hasira anayebisha hodi alfajiri. Kwa hiyo wewe unayefungasha mizigo wakati huu, na wewe unayemuuzia gunia la makaa, mkumbuke mtoto aliyelegea kama kitambaa. Leo ni kijana wa sekondari, anacheza mpira, na asubuhi huoga maji yaliyopashwa na jua la jana.

Karibuni nyumbani. Kilima kitawapokea. Mbabura iacheni nje.